Jozi Isiyo na Alama

Sialkot, 9 Septemba 2006

Kwako mjukuu wangu Rubab,

Salamu zangu zikufikie kabla panya wa posta hawajazionja. Huku sisi wazima. Mama yako mzima, mbuzi mzima, na mimi nina meno saba ambayo yote yanakusalimu. Hofu ni kwako wewe uliyekwenda kulala bweni la Karachi, ambako nasikia hata kuta zinatoka jasho.

Usiniambie tena nipige simu. Juzi mama yako alinibandika simu ya jirani sikioni, nikasikia kama mtu analia ndani ya ndoo. Nikaitikia salamu mara tatu, kumbe ni mtu wa kampuni ya simu anadai vocha imekwisha. Miaka hamsini na nne ya nyundo na mawe ya kunolea imeniachia sikio moja la kusikia adhana na jingine la kutundikia miwani. Kwa hiyo andika. Barua haipigi kelele, na mtu anaweza kuirudia akiwa na hamu.

Karakana ipo. Jiriwa yako ya kubania chuma hakuna aliyeigusa. Ile tupa yako ndogo ya nusu duara nimeipaka mafuta nikaifunga kitambaa. Jana nimemaliza jozi kumi na mbili za mikasi ya macho, ile midogo ya madaktari. Kila jozi nikaitia alama yake, nukta moja kwenye nusu hii na nukta moja kwenye mwenzake, ili ndugu hao wasije wakapotezana. Halafu nikanyoosha mkono upande wako, nikasema, "Shika, angalia mwanga." Nikabaki nimenyoosha mkono kama ombaomba wa kituo cha treni.

Na nani aliyeniona? Fundi Yaqub wa ng'ambo ya mtaro, naye wa mikasi. Sikumsalimu. Huu mwaka wa tano tangu asimame katikati ya uchochoro akasema, "Lal Din amekosa mjukuu wa kiume, sasa anamfundisha msichana kushika tupa. Kesho atamfundisha mbuzi." Mtu huyo akiomba maji, mimi nitampelekea chumvi.

Nieleze hicho chuo chenu. Mnajifunza nini ambacho sikukufundisha?

Babu yako,
Lal Din

*

Karachi, 1 Oktoba 2006

Babu mpenzi,

Salaam aleikum. Natumaini meno saba bado saba. Mimi ni mzima, ila chakula cha bweni ni dengu Jumatatu na ndugu zake dengu siku zilizobaki. Nimeota mkate wa mahindi na mboga ya haradali ya mama, nikaamka ninatafuna shuka.

Babu, utacheka. Wiki sita za kwanza hakuna mashine. Kila mtu anapewa bonge la chuma na tupa, anaambiwa alifanye mchemraba, pande zote sawa. Wavulana wanalia, mikono imetoka malengelenge. Mimi nilimaliza siku ya nne. Mwalimu wetu, Bwana Feroze, aliweka skwea ya kupimia pembe juu ya mchemraba wangu, akauinua dirishani kutafuta mwanga chini yake. Hakuona. Akageuza upande wa pili. Hakuona. Akaniuliza, "Umetoka wapi wewe?" Nikasema Sialkot. Akasema, "Nilijua tu."

Tuko wasichana wanne kati ya watu sitini. Rafiki yangu ni Sughra, anakoroma.

Sasa tumeingia kwenye mashine za kompyuta. Unaiandikia namba, unafunga mlango wa kioo, yenyewe inachonga huku inajimwagia maziwa ya kupoza. Ni maji na mafuta, yanafanana na maziwa. Unasimama tu unaangalia. Mikono yangu haijui ikae wapi, Babu. Naiweka nyuma kama mlinzi.

Ukiwasha jiko la makaa asubuhi, vuta ule moshi kwa niaba yangu.

Mjukuu wako,
Rubab

*

Sialkot, 30 Oktoba 2006

Rubab wangu,

Salamu za Idi na ukungu. Tuko wazima, ila mbuzi amekula kalenda, kwa hiyo tarehe niliyoandika hapo juu ni ya kukisia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano nimemsomea mteja kutoka Gujranwala aliyekuja kuchukua mikasi. Aliomba risiti, nikampa mchemraba wako na mwanga wake. Nimesoma kwa sauti kubwa nikiwa nimegeukia mtaroni. Sijui kama kuna mtu upande wa pili aliyesikia. Natumaini alisikia.

Mashine inayojimwagia maziwa! Hapa hata mbuzi mwenyewe hayatoi siku hizi.

Lakini niambie kitu kimoja. Hiyo mashine ikichonga nusu mbili za mkasi, nani anaziozesha? Mimi nikifanya nusu ya kwanza, nusu ya pili naitazama kama mtu anavyotazama mchumba wa mwanawe: huyu ni mkaidi hapa, basi huyu nimlainishe pale. Mashine inajua hilo?

Babu yako

*

Karachi, 14 Desemba 2006

Babu,

Salaam. Mimi ni mzima wa mwili. Mama usimwambie bado.

Nimefeli mtihani wa kwanza.

Tuliambiwa tutengeneze vipande viwili vya chuma, ulimi na nyumba yake, kwa kufuata mchoro. Vya kwangu vilikuwa vizuri kuliko vya darasa zima. Ulimi uliingia ndani ya nyumba ukishusha pumzi, kama mikasi yako. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha Bwana Feroze akakusanya ndimi zote kwenye sinia moja na nyumba zote kwenye sinia jingine, akazichanganya kama anayechambua mchele. Akachukua ulimi wangu, akautia kwenye nyumba ya Sughra. Haukuingia. Kwenye nyumba ya kijana wa Multan, haukuingia. Kwa watu saba, haukuingia. Ndimi zao, zilizokuwa mbaya machoni, ziliingia popote.

Unajua nilichofanya. Sikuupima ulimi kwa namba za mchoro, niliupima kwa nyumba yake. Mashine ilipomaliza nilifungua mlango, nikatoa kipande, nikakipitishia tupa mara mbili. Babu, sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe. Bwana Feroze alikiinua akauliza, "Nani amegusa kazi hii kwa tupa? Hapa kuna mkono wa mtu!" Nikasema, "Ni mkono wa babu yangu, bwana." Wote wakacheka, isipokuwa yeye.

Ameniambia, "Huko kwenu jozi ni ndugu. Huku kila kipande kitaoana na mtu usiyemjua, pengine hajazaliwa." Nitarudia mtihani mwezi wa tano. Nikifeli tena, ninarudishwa nyumbani.

Mjukuu wako

*

Sialkot, 24 Desemba 2006

Rubab mtoto mzuri,

Salamu! Wazima wote!

Usilie hata kidogo. Chuo gani hicho kinachomfelisha mtu kwa sababu kazi yake inaoana? Wakija watu wa Sughra kununua mikasi tutawauzia ndimi na nyumba. Njoo nyumbani, usisubiri hata huo mwezi wa tano. Jiriwa yako nimeipangusa leo asubuhi. Nimesogeza kiti changu ili mwanga wa dirisha uwe upande wako. Mama yako anakaanga unga wa panjiri kwa samli na sukari guru, harufu imefika hadi msikitini, imamu amekosea rakaa.

Treni ya Ijumaa ni nzuri. Nitakuja kituoni mwenyewe.

Babu yako mwenye furaha

*

Karachi, 3 Januari 2007

Babu,

Salaam kwako na kwa mama.

Umefurahi. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe chini ya barua, "mwenye furaha".

Kila siku hapa ninatamani nyumbani. Natamani ukungu, natamani kelele za uchochoro, nakutamani wewe ukinitukana nikishika tupa vibaya. Lakini sikutaka kurudishwa. Nilitaka kurudi. Yaqub akiniona nashuka na begi atasema nini?

Sikuja na treni ya Ijumaa.

Rubab

*

Sialkot, 28 Januari 2007

Kwako Rubab,

Salamu. Wazima.

Nimekaa siku ishirini na kitu nikitafuta cha kukuandikia, na ujue mimi nilitolewa shule darasa la tatu kwa kumpaka mwalimu masizi kwenye ndevu akiwa amesinzia. Maneno ya maana sikufika kuyasoma.

Ni kweli. Niliposoma kwamba umefeli, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Cha pili, kupangusa jiriwa. Sikukuwazia wewe hata kidogo, nilikiwazia kiti kilicho tupu. Mzee mzima, nikafurahia mtoto wangu kuangushwa. Hata mbuzi alinitazama vibaya.

Na mkono uliokufelisha ni wangu. Basi mkono huo huo ulipe. Nitumie mchoro wa mkasi mmoja mdogo, na namba zote. Wewe tengeneza nusu moja huko, mimi nitengeneze nusu nyingine huku. Hakuna kuonana, hakuna kuozesha. Kila mtu na karatasi yake. Tuone kama zitakubaliana.

Mimi sijawahi kufuata karatasi maishani. Hata talaka ya marehemu dada yangu nilikataa kuisoma.

Babu yako

*

Karachi, 8 Februari 2007

Babu wangu,

Salaam nyingi mno. Nimesoma barua yako chooni ili Sughra asinione.

Mchoro huu hapa. Namba ndogo pembeni ndizo ruhusa: unaweza kuzidi au kupungua sehemu mbili kati ya mia za milimita, basi. Usiongeze chako. Ninakusihi. USIONGEZE CHAKO.

Mbona herufi zako zimekuwa kubwa? Barua ya mwisho ilikuwa na maneno sita kwa mstari, kama bango la uchaguzi.

Mjukuu wako

*

Sialkot, 2 Machi 2007

Rubab,

Salamu. Wazima. Nusu yangu hii hapa, imefungwa ndani ya soksi.

Herufi ni kubwa kwa sababu wino umeshuka bei.

Mchoro wako ulikuwa na kosa. Kiungo kilikuwa chembamba, mkasi ungetikisika baada ya mwaka. Nimekirekebisha kidogo. Usinishukuru.

Babu yako

*

Karachi, 12 Machi 2007

Babu!

Salaam, na nimekasirika, kwa hiyo salaam ni moja tu.

Haikuingia. Umezidisha nusu milimita nzima! Kiungo kile kilichorwa na Bwana Feroze, mtu aliyetengeneza vifaa vya hospitali miaka ishirini. Nilikaa na nusu yako mkono wa kulia na yangu mkono wa kushoto. Tupa ilikuwa hapo mezani. Kupitisha mara nne tu na zingeoana kabisa, na mimi ningekuwa nimefeli tena palepale. Niliitupa tupa chini ya kitanda cha Sughra.

Safari hii tunafanya hivi. Nusu yangu mpya naituma sasa, ili isiwe mikononi mwangu. Imefungwa ndani ya karatasi na kuzungushiwa plasta. Wewe usiifungue. Mpe mama aifiche. Fanya yako kwa mchoro tu, kisha mama azilete pamoja.

Na kama karatasi ni ya mpumbavu, fuata karatasi ya mpumbavu.

Rubab

*

Karachi, 25 Aprili 2007

Babu,

Salaam. Wiki sita hakuna barua. Nimempigia jirani, mama akasema "yuko mzima, yuko mzima" haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango. Mtihani ni tarehe kumi na tano Mei. Nikifumba macho naona nusu ile imekaa peke yake huko kwenu.

Kama ni hasira, nitukane. Nitukane kwa herufi kubwa.

Mjukuu wako

*

Sialkot, 5 Mei 2007

Rubab, salaam, ni mama yako naandika, Babu anasema maneno. Tuko wazima. Anasema: zimeingia. Anasema zimekata kitambaa kilicholowa mpaka kwenye ncha bila kung'ang'ania. Anasema nenda kwenye mtihani na mikono nyuma kama mlinzi. Mengine atasema baadaye. Anakataa kueleza kwa nini haandiki mwenyewe, na mimi amenikataza.

*

Karachi, 2 Juni 2007

Babu, mama,

Salaam, salaam, salaam. Nimefaulu. Ulimi wangu umeingia kwenye nyumba ishirini na tatu kati ya ishirini na tatu za kundi langu. Bwana Feroze alipofika ya ishirini alianza kuimba.

Babu, kuna jambo. Kiwanda kimoja hapa cha vifaa vya hospitali kinanitaka, niongoze mashine mbili. Ni mkataba wa miaka mitatu, na likizo ni ya Idi tu. Nimeomba wiki mbili za kufikiri. Sijalala vizuri. Cheti kimefungwa ndani ya begi na begi liko mlangoni, na sijui mlango ni wa kwenda wapi.

Ukisema rudi, nitarudi, na safari hii hakuna atakayekuwa amenirudisha. Ukisema nikae, usiandike mengi. Nitumie tu ile tupa yangu ya nusu duara, nitaelewa.

Kwa nini huandiki mwenyewe?

Mjukuu wako,
Rubab

*

Sialkot, 11 Juni 2007

Kwako mjukuu wangu Rubab,

Salamu zangu ni nyingi, na nimeziandika mwenyewe. Mama yako amenichorea mistari kwa mkaa mweusi ili nisipande ukutani. Wazima wote. Joto limefika hadi chuma hakihitaji jiko.

Wino haukushuka bei. Macho yangu yameota mtoto wa jicho, yote mawili. Mwaka mzima sasa. Nilijua siku ile nilipoinua mkasi kutafuta mwanga, nikaona mwanga kila mahali. Mikasi kumi na mbili niliyojisifia, sita ilirudishwa. Na ile nusu niliyoiongezea changu, sikuongeza kwa ubishi. Namba zako sikuziona vizuri, nikaona aibu, nikasema nimerekebisha.

Sasa barua yako ya hasira ilipokuja, na nusu yako ndani ya plasta, mama yako akaificha kwenye debe la unga. Mimi nikashika tupa, nikashika mchoro. Mchoro ukawa ukungu. Nikafanya wiki tatu, nikaharibu vyuma vitatu. Nikakaa. Nikasema, nikinyamaza tu atafeli, atashuka kituoni na begi lake, na kiti kitajaa. Nilikaa na wazo hilo asubuhi nzima, Rubab. Sitakudanganya. Lilikuwa wazo tamu.

Halafu nikavuka mtaro. Hatua tatu, miaka mitano.

Yaqub hakuinua kichwa. Akasema, "Umekuja kuazima au kufa?"

"Kuazima."

"Nini?"

"Macho."

Ndipo akainua kichwa. Nikampa karatasi. Akaishika juu chini, akauliza, "Nani kachora kitu hiki?"

"Chuo. Nusu nyingine kaifanya msichana."

"Yule wa tupa?"

"Yule wa tupa."

Akaikodolea karatasi hadi chai yake ikaweka ngozi juu. Kisha akafungua jiriwa, akasema, "Toka kwenye mwanga wangu, mzee wa mbuzi."

Alifanya siku tisa. Siku ya nne nilipapasa kazi yake kwa kidole, nikasikia kiungo kinanenepa. Nikampiga mkono. "Karatasi inasema nini?" Akasema, "Karatasi ni ya mpumbavu." Nikamwambia, "Fuata karatasi ya mpumbavu." Alinitukana hadi ukoo wa nne, lakini akafuata. Tukaazima kipimo cha kiwanda cha mtaa wa pili, mama yako akatusomea namba, sisi wazee wawili tukimsikiliza kama watoto wa madrasa.

Siku ya tisa mama yako akaleta nusu yako, ina unga bado. Yaqub akaweka skrubu. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Nilijua kwa sikio langu la adhana, kwa sababu sikusikia kitu. Mkasi mzuri hausemi.

Yaqub akasema, "Hakuniona, sikumwona, na bado zimeoana." Akachukua msumari kutia nukta, kwa mazoea. Nikamshika mkono. Nikamwambia hizi tusizitie alama.

Kwa hiyo nilikudanganya kwa kinywa cha mama yako. Nusu iliyooana na yako haikuwa ya kwangu. Nilitaka uende kwenye mtihani ukiamini umeoana na babu yako, kumbe umeoana na mtu aliyekufananisha na mbuzi.

Alhamisi napelekwa hospitali, jicho la kwanza. Niliahirisha mwaka mzima kwa sababu mimi ndiye ninayejua mikasi ile inatoka wapi. Nilimuuliza daktari, "Huu mkasi wako kaufanya nani?" Akasema hajui, wanaletewa kwa maboksi. Yaqub amesema ukiniuma ni wa kwangu, usiponiuma ni wa kwake. Naye anakuja. Anadai ni kuangalia tu.

Unajua mtu akitenganisha jozi katika uchochoro wetu tunamnyima chai siku tatu. Leo nimetenganisha. Nusu ya Yaqub imo ndani ya bahasha hii, iweke kwenye meza yako kiwandani, hiyo ndiyo itakayokukumbusha vipimo. Nusu yako ninayo mimi, kwenye mfuko wa fulana, inanichoma kila nikiinama kusali.

Kaa, Rubab. Saini karatasi yao.

Tupa situmi. Huko mkono wako utaiendea tena. Imefungwa kitambaa, ina mafuta, iko pale pale upande wa dirisha.

Babu yako,
Lal Din